Nilimpa Mgongo

Jumatatu, 5 Mei
Marobota arobaini na moja ya tumbaku kabla ya chakula cha mchana. Vumbi tele ghalani. Nilipima kama kawaida: nawapa watu mgongo, naingiza mkono ndani ya robota, nakunja uti wa jani. Ukivunjika kwa mlio, jani limekauka. Ukijikunja kimya, lina maji. Aliyenitangulia alifanya hivyo hivyo; miaka sita nilitazama mgongo wake. Katika ghala hili hafundishwi mtu.

Jumatano, 7 Mei
Meneja ametaja atakayekwenda Morogoro kwa mafunzo. Nafasi hiyo niliahidiwa mimi, mbele ya watu. Anakwenda Kulwa, mpwa wake, mwenye miezi minne kazini. Eti mimi nimezeeka. Sitasamehe.

Jumatatu, 26 Mei
Kulwa amerudi na cheti. Sasa ndiye mpimaji mkuu, mimi msaidizi. Mashine ya kupima unyevu aliyofundishwa huko hatunayo. Akanijia.
«Shikamoo, mzee. Hebu nionyeshe, mkono unahisi nini?»
«Marahaba. Soma cheti chako.»
Wapakiaji walicheka. Nilifurahi mno. Nikampa mgongo.

Alhamisi, 29 Mei
Tumbaku ya Usoke imefika, ina maji. Niliijua kwa harufu. Kulwa akaipitisha. Nyamizi, mpakiaji, binti wa jirani yangu hapa Kwihara, akasita.
«Babu, mbona marobota haya mazito?»
«Muulize mkubwa wako.»
Ioze. Nataka meneja aaibike.

Jumatano, 11 Juni
Tumbaku imeota ukungu. Marobota yote ya Usoke, meusi ndani. Nilisubiri meneja amgeukie mpwa wake. Hakumgeukia. Alisema wapakiaji wamemwaga maji, akamfukuza Nyamizi. Kulwa alitazama sakafu. Mimi pia.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemwambia meneja: nilijua, nikanyamaza. Amenifukuza. Nyamizi hakurudishwa. Namchukia meneja kuliko jana. Najichukia pia.

Ijumaa, 13 Juni
Ghala moja la Urambo linatafuta mpimaji. Nimemtumia Nyamizi ujumbe: aje nimfundishe.

Jumapili, 15 Juni
Nyamizi alikuja kwangu baada ya ibada. Hakuniamkia. Sikudai. Niliweka mafungu mawili ya tumbaku mezani, nikaketi tukitazamana. Akakunja uti wa kwanza.
«Huu una maji.»
«Ndiyo. Rudia.»
Jua lilipopinda, Kulwa akatokea mlangoni, kofia mkononi. Sikumkaribisha. Niliendelea kufundisha, kwa sauti ya kumfikia. Sikumpa mgongo.