Fuawe Uliyoitupa

Bulla Iftin,
Garissa.

Kwako Abowe Abdinoor, kaka yangu mkubwa,

Assalaam aleikum. Kutoa salamu ni sunna na kuitikia ni wajibu, hata kwa mtu uliyemnunia, kwa hiyo hapo nimeshakushika. Natumaini wewe, mkeo Sado na watoto ni wazima huko Mandera, na kwamba mvua imewafikia mbuzi wako kabla ya madalali. Huku Hooyo, mama yetu, hajambo, ila goti la kushoto bado linamsumbua, na kila jioni anakuulizia. Mimi ni mzima. Nina hasira tu.

Simu zangu hupokei na WhatsApp umenifungia, ndiyo maana nimempa dereva wa basi karatasi hii akukabidhi mkononi. Nakuandikia Kiswahili kwa makusudi. Matusi yako uliyatoa kwa Kisomali mbele ya wageni, nami nikikujibu kwa lugha hiyohiyo nitasema maneno ambayo mtoto hamwambii mwenzake wa tumbo moja. Afadhali Kiswahili cha shule kinishike ulimi.

Hooyo amenifikishia ujumbe wako kwamba nisipoacha uhunzi, hutakuja kuniposea Fowsiya. Unajua vizuri kwamba Aabo, baba yetu, hayupo tena duniani. Unajua pia kwamba mzee Deeq, babake Fowsiya, amesema hamtoi binti yake kwa mtu asiyeletwa na kaka yake mkubwa. Nilimuuliza kama moto wangu unamkera. Akasema moto wangu haumhusu, na juzi ameniletea panga lake nilinyooshe. Kinachomhusu ni kaka asiyetokea. Kwa hiyo, Abowe, umenishika panaponiuma, na unafinya ukijua.

Sasa nikueleze ulichokitupa, maana ulikiita takataka bila hata kukitazama.

Mimi kutwa nasimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, nahesabu vidonge na kubahatisha miandiko ya madaktari. Jioni nataka kushika kitu kizito kinachonisikia. Basi. Sikuomba ruhusa ya ukoo mzima. Vyombo vipya vya uhunzi bei yake ni ya kumtoa mtu roho, kwa hiyo nikaokotaokota. Tanuri langu ni dramu la breki la lori lililofia gereji. Cha kupulizia moto ni mashine ya kukaushia nywele, Fowsiya alinitolea saluni kwake ilipoanza kuungua, na mpaka leo ikipuliza inanuka mafuta ya nazi. Koleo nilizipata Soko Mugdi kwa mama anayeuza kufuli zisizo na funguo. Moja ilikuwa imepinda kama mdomo wa ngamia, nikaipasha moto nikainyoosha mwenyewe. Nyundo nilibadilishana kwa redio. Hakuna aliyenipa kitu bila kunicheka, na wallahi nilizoea.

Fuawe ndiyo iliyonitesa. Bila fuawe utafulia chuma juu ya nini, juu ya kichwa chako? Nilizunguka mpaka Ifo, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa mzee mmoja mhunzi aitwaye Isse, ambaye wenzake walipovuka mpaka na magodoro, yeye alivuka na fuawe yake juu ya mkokoteni wa punda. Alinipokea vibaya kuliko ulivyonipokea wewe. Aliniuliza ukoo wangu, nikamtajia, akatema mate pembeni. Akasema babu zangu walikataa hata chai ya babu zake, na leo mjukuu amekuja kuichezea kazi yao kama mpira. Nikakaa chini nikampulizia moto mpaka alasiri, bila kukaribishwa. Ijumaa iliyofuata nikarudi, na nyingine tena. Mwishowe akaniambia kwamba macho yake yamekwisha na mwanawe anauza simu, hataki kusikia habari ya mkaa. Akaniuzia kwa bei ya mbuzi dhaifu, kwa sharti kwamba nisiiweke uani kama pambo. Nikamwapia.

Nawe, Abowe, siku ya tatu ya Idd, mimi nikiwa dukani, ukaita lori la chuma chakavu wakaibeba. Nilipomfikia mnunuzi, tayari ilikuwa njiani kwenda kuyeyushwa Nairobi. Niliporudi ukasimama mlangoni ukaniita tumaal, jina ambalo watu wetu huwaita wahunzi ili wapate sababu ya kutowapa mkono wala binti. Ulidhani unanitukana mimi. Ulimtukana mzee wa watu ambaye hajawahi kukukosea hata kwa jicho. Ni mimi niliyelazimika kwenda Ifo kumweleza. Isse hakunigombeza. Aliuliza tu kama ilipakiwa au ilirushwa. Nikamdanganya kwamba watu wanne waliibeba polepole. Kisha yeye mwenyewe akanielekeza nitafute kipande cha ekseli ya lori, nikisimamishe ndani ya kigogo, na juu ya hicho ndipo ninapogongea sasa. Naam, bado nagonga.

Tulipokuwa darasani tulikaririshwa kwamba usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wewe ulikaririshwa kabla yangu, na hukuelewa.

Haya yanayofuata Hooyo amenikataza kuyasema, lakini nimechoka kumeza. Unakumbuka siku ya kuchinja, ulivyokiinua kisu cha Aabo mbele ya wageni? Ulisema hiki ndicho chuma, kazi ya watu wa zamani, siyo mabati haya ya siku hizi. Ukamchinja dume kwa mkono mmoja, ukasema kimepita kama kwenye samli. Ukakifuta, ukakifunga kwenye leso, ukaondoka nacho Mandera kama urithi wa mtoto mkubwa. Mimi nilikuwa nimeshika miguu ya dume, nikaangalia chini nisije nikacheka.

Kisu cha Aabo kilikatika mwezi wa Shaaban. Hooyo alikuwa anabandulia kifuniko cha kopo la samli, kikakatika shinani. Alilia, na hakukililia kisu. Aliziogopa kelele zako. Akaniletea vipande gizani gizani, akaniuliza kama huo moto wangu una faida yoyote. Nikakata springi ya lori nikaifua juu ya fuawe ya Isse. Visu viwili vya kwanza vilipasuka nilipovitumbukiza kwenye mafuta. Cha tatu kikakubali. Nikakitia mpini uleule wa pembe, na Hooyo akakipaka samli na kukifukiza jikoni mpaka kikazeeka. Mama yako huyo! Hicho ndicho ulichochinjia. Nyama yote ya Idd uliyokula wewe na wageni wako ilikatwa na tumaal.

Basi amua. Mzee Deeq anakungoja, na Fowsiya ameniambia atangoja pia, ila siyo mpaka azeeke. Mimi moto siuzimi. Njoo na wazee, useme maneno ya posa unayoyajua, tumalize jambo hili kama ndugu. Ama ukiona kazi yangu ni aibu kwako, usikitupe kisu kizima, maana mpini ni wa Aabo. Ng'oa chuma changu unirudishie kwa basi, ubaki na urithi wako. Idd ijayo uchinje kwa mpini mtupu, tuone.

Hooyo anakusalimu sana na anasema uvae sweta asubuhi. Nisalimie Sado, na watoto uwabusu. Fowsiya naye anatoa salamu, ingawa amezitoa amekunja uso. Allah akulinde njiani, ukija.

Ni mimi mdogo wako, niliyekitia makali kisu chako,

Yonis.