Kiti cha Juu ya Madigadi

9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo, na kama kuna panapouma, basi paume kidogo. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Hapa karakana kazi haiishi; ukifunga injini moja, nyingine zimeshapanga foleni.

Nimeipata barua yako inayosema kwamba trekta la zamani safari hii limekufa kabisa. Pole sana. Sasa nina habari. Tajiri wangu amesema nichague trekta moja kati ya mawili yaliyokaa uani, iwe asante yake kwa kazi ya miaka yote hii. Nafasi kwenye kontena nimeshapata, lakini ni ya moja tu.

La kwanza ni dogo la kawaida, kama lile lenu: injini mbele, dereva katikati, plau inaburutwa nyuma. La pili linakunjika kiuno. Ukizungusha usukani matairi hayapindi. Mwili wote ndio unaopinda katikati, kama mtu anayejigeuza kitandani. Kazi zake karibu zote ziko mbele ya dereva: koleo la samadi, uma wa kubebea majani, fyekeo. Linageuka ndani ya banda la ng'ombe bila kugusa ukuta. Ila kwa plau, baba, nisikufiche, si hodari.

Mimi ningechagua hilo la pili. Nilipokuja mara ya mwisho shingo yako ilikuwa haigeuki. Mtu akikuita, unageuka mwili mzima kama kabati. Na kulima ni kuangalia nyuma kutwa. Nijibu, ili niliandae mapema.

Ni mimi bintiyo,
Spana


2 Machi

Kwako Spana,

Marahaba mwanangu. Hapa sote tupo, tunasukuma siku. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula, maana kwenye picha uliyotuma umekuwa mifupa tu na macho.

Kuhusu trekta, nashukuru, na umshukuru tajiri wako. Lakini hilo linalokunjika kiuno silitaki. Mimi mwenyewe kiuno kimeshakunjika. Tukiwa wawili, nani atambeba mwenzake? Mimi ni mlimaji. Ng'ombe ninao kwa sababu ya maziwa, lakini shamba la juu ndilo linalonifanya niamke. Siku nikiacha kulima, nitakuwa mzee wa kuulizwa kama ameshakunywa dawa.

Shingo haina neno. Mstari wangu bado umenyooka. Kamuulize Fundi Cherehani, jirani yetu, ambaye wake unakwenda kama mlevi. Niletee la kawaida. Likiwa na madigadi mapana, vizuri zaidi.

Ni mimi baba yako


27 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma wakati wa chakula, nikacheka mpaka mwenzangu wa benchi akauliza kuna nini. Halafu nikaisoma tena jioni, sikucheka.

Mimi nafungua trekta kila siku, baba. Najua mtu asiyegeuza shingo hawezi kuona plau yake. Sasa mstari unanyookaje? Na madigadi mapana ni ya nini? Sijawahi kuona mtu anayechagua trekta kwa madigadi. Ni bati la kuzuia matope tu.

Nakuomba uniambie ukweli, hata kama hautanifurahisha. Nikishapakia moja, jingine litauzwa, na mimi sitapewa tena. Sitaki kutuma kitu cha kukuumiza, halafu nikae huku nikiogopa kila simu inayolia.

Msalimie mama. Mwambie nakula.

Bintiyo


21 Aprili

Kwako Spana,

Hatujambo. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi, na mama yako amenikataza kuandika uongo.

Nyuma anaangalia yeye. Tangu shingo ilipogoma, anakaa juu ya madigadi ya kulia, kanipa mgongo, macho kwenye plau. Mstari ukipinda anapiga bati kwa kiganja: kofi moja nirudi kushoto, mawili nirudi kulia. Akipiga mfululizo nasimama, kuna kisiki. Huo mstari ninaojivunia ni wa kwake. Mimi nashika usukani tu.

Najua utasema ni hatari. Ni kweli. Lakini nikuambie na jambo jingine, kwa kuwa nimeshaanza. Tangu mlipoondoka ninyi wote, ndani ya nyumba hii hatuna mazungumzo. Chumvi iko wapi, mlango umefungwa, basi. Kule shambani, tukifika mwisho wa mstari napunguza moto kabla ya kugeuza, na pale mama yako husema maneno mawili matatu. Sisikii yote kwa kelele za injini, lakini anasema. Hilo trekta lako la kukunjika lina kiti kimoja, na kazi zake ziko mbele, halihitaji mtu wa kuangalia nyuma. Ukilituma, yeye atabaki nyumbani na mimi nitakwenda kuzungumza na ng'ombe.

Sasa hivi tunalima kwa trekta la kuazima la Fundi Cherehani. Madigadi yake ni membamba, mama yako analalamika makalio yanamuuma.

Amua wewe. Nimechoka kubishana.

Baba yako


16 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya mama pia. Barua yako ilinipa hasira. Siku nzima nilikuwa nafunga nati kana kwamba zimenikosea. Mama juu ya bati, bila pa kushika, plau inakata nyuma yake! Kisha hasira ikaisha, nikabaki nimechoka tu. Sikujua kwamba mnakaa kimya hivyo. Ningejua ningepiga simu mara nyingi zaidi, au labda nisingepiga, sijui.

Nimewatumia la kawaida. Nimeshalipakia na kontena limefungwa. Ila sikulituma hivihivi. Juu ya madigadi ya kulia nimechomelea kiti cha kweli, kinatazama nyuma. Kina mto, kina mgongo, kina vyuma vya kushika pande zote mbili na mkanda wa kufunga tumboni. Fremu nimeishikiza kwenye ekseli, siyo kwenye bati, kwa hiyo hakitikisiki. Nimekikalia mwenyewe na kumwambia mwenzangu azunguke uani kwa fujo. Sikuanguka.

Mwambie mama asipande tena juu ya lile la Fundi Cherehani. Asubiri chake.

Ni mimi Spana wenu


18 Mei

Mwanangu,

Salamu nitaandika mwisho. Mama yako ameanguka.

Tulikuwa tunamalizia shamba la juu. Gurudumu la mbele likapanda kichuguu ambacho mimi ndiye niliyepaswa kukiona, kwa maana kilikuwa mbele. Alirushwa pembeni, siyo nyuma, na hapo ndipo Mungu alipotusaidia. Nyonga imevunjika. Yuko hospitali, amefungwa, anawasimanga wauguzi kuhusu shuka, kwa hiyo roho ipo.

Ningepiga simu, lakini hataki uisikie sauti yangu ilivyo sasa. Na kweli siyo nzuri.

Tuma lile linalokunjika. Ulisema kweli. Kulima basi. Nitabeba samadi na majani, kazi zote ziwe mbele yangu, na yeye asipande kitu tena. Fanya haraka kabla tajiri hajaliuza.

Baba


13 Juni

Baba,

Barua zetu zimepishana njiani. Nilipofungua yako, meli ilikuwa imeshaondoka. Nilikimbilia kwa tajiri. Lile la kukunjika limechukuliwa na mtu wa bustani, limeshatoka.

Nimewatumia kiti kizuri cha mtu asiyeweza kukipanda. Nilipokuwa nakichomelea nilijiona mwerevu sana.

Nimeongea na mama kwa simu ya muuguzi. Aliniambia nisilie, kisha akalia yeye. Likifika, kitoe hicho kiti, uza, fanya unavyoona. Usilime peke yako. Nakuomba, baba.

Bintiyo


30 Agosti

Kwako Spana,

Tumeshinda salama. Mama yako yuko nyumbani, anatembea kwa mkongojo, na anautumia kuamrishia watu zaidi kuliko kutembelea. Daktari amemkataza kupanda chochote kirefu kuliko kizingiti.

Trekta limefika. Dereva mmoja wanayemwita Taratibu alilileta kutoka barabara kuu hadi uani. Mama yako alitoka akalizunguka polepole. Akaushika mto wa kiti, akaubonyeza, akauvuta mkanda, ukarudi wenyewe, akauvuta tena. Niliona vibaya kusimama pale, nikaenda kuwanywesha ng'ombe.

Niliporudi alikuwa ameshapanga kila kitu. Taratibu aendeshe. Mimi nikae kwenye kiti. Nikamwambia dereva huyu ana shingo nzima, mimi wa nini? Akasema, "Chuma kimesafiri mbali. Kaa." Nikakaa, nikafunga mkanda, tukaingia shamba la juu.

Kazi yako ni imara, kiti hakitikisiki. Na kutoka pale, mwanangu, unaona kila kitu. Udongo unavyofunguka, ndege wanavyoshuka kufuata plau, mstari unapotaka kupinda unaujua kabla haujapinda. Nikapiga bati kofi moja. Taratibu akasimamisha trekta akaniuliza kama nimeumia.

Lakini vumbi. Vumbi lote la shamba linamwendea anayetazama nyuma, anayeendesha halimgusi. Hatukufika hata nusu ya shamba, macho yakawa yamejaa mchanga na koo limekauka. Nilishuka napapasa kama kipofu.

Mama yako alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya shamba. Akanimiminia maji nikanawa, nikanawa tena. Nikamuuliza kama miaka yote hiyo alikuwa anakula vumbi namna ile. Akasema ndiyo. Nikamuuliza mbona hakuwahi kusema.

"Nilisema," akanijibu. "Kila mwisho wa mstari nilisema."

Nimeona haya, Spana. Mimi nilidhani tunazungumza.

Shamba la juu nimemwachia Taratibu, alime na tugawane mavuno. Mimi na plau basi. Jioni nakaa upenuni na mama yako, hakuna injini inayonguruma, naye anasema na mimi nasikiliza. Inachosha kuliko kulima. Ana mengi. Ameanzia mwaka uliozaliwa wewe, na bado hatujautoka.

Ni mimi baba yako