Mkono wa Baba Bado Haujaisha

Mbwawa, Kibaha

Kaka Abdulkadiri, shikamoo.

Kuku wamekufa wote kwa kideri. Mkono wa plastiki ninaomchapia baba kwa printa ya 3D nao umenishinda. Printa ikifika kwenye kifundo cha mkono, tabaka za plastiki zinahama upande na mkono unatoka umepinda. Nimekaza mkanda wa printa, nimepunguza mwendo wake, lakini wapi.

Leo nimetoka kuanika nguo nikamkuta baba amekizuia kichwa cha printa kwa kigutu chake. Hakushtuka.

“Naila, mkono ukiisha mtanirudisha nyumbani kwangu Masaki,” akasema. “Nyumba ile bila mama yenu, nitaongea na nani?”

Basi Jumamosi usije kumchukua kama tulivyopanga. Printa nimeiwasha tena. Baba amekaa kando yake, nami nimempa kisogo makusudi.

Mdogo wako,
Naila