Madhumuni ya Safari: Kutembea

Abiria wangu,

Nakuita hivyo kwa sababu wewe uliniita Konda, tangu siku ile nilipomwondoa mwanamume mzima kwenye viti vyetu ndani ya basi la Tunduru, nawe umesimama mlangoni na mabegi, unacheka badala ya kunisaidia. Leo Konda wako ana hasira. Ungekuwa hai ungevaa viatu ukaenda kuangalia mahindi.

Tulikuzika Mpitimbi, kando ya mama yako, kama ulivyotaka. Mvua ilisubiri tumalize. Kisha kaka yako Festo akasimama na karatasi kusoma wasifu wa marehemu. Ulizaliwa, ulibatizwa, ulifundisha jiografia, yote sawa. Halafu akasoma hivi: "Marehemu na mkewe walihangaika nchi nyingi za mbali wakitafuta mtoto, lakini Mungu hakupenda."

Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona, "Maskini, kumbe ndiyo maana."

Kumbe ndiyo maana! Miaka yote hiyo tuliwasumbua kwa kukosa sababu, na sasa wameipata, tena juu ya jeneza lako. Wakatikisa vichwa kwa huruma. Huruma yao! Afadhali wangenitemea mate.

Unawajua watu hawa. Kwao mtu hupanda basi kwa ajili ya msiba, harusi, matibabu au uhamisho wa kazi. Tuliporudi kutoka Lichinga, Msumbiji, juu ya magunia ya lori, vumbi hadi kwenye nyusi, jirani yetu pale Ruhuwiko aliuliza, "Mna nani kule?" Ukamjibu hatuna mtu. "Sasa mmekwenda kwa nani?" Akatutazama kama tumetoka kuiba. Na waliosoma ndio wabaya zaidi. Wanapelekwa Dubai kwa kundi, wanamfuata kiongozi aliyeinua kibendera, wanapigwa picha mbele ya ghorofa, wanarudi kutuuliza, "Nepal kuna nini?" Wanadhani nchi ni duka. Ukitoka mikono mitupu, basi ulipotea njia.

Kulikuwa na nini? Kulikuwa na yule bibi wa mlimani aliyetupikia dengu, nawe ukainama ukamwambia "Shikamoo" kwa sauti ya darasani. Akakujibu kwa lugha yake, maneno marefu kweli. Ukanigeukia: "Ameitikia marahaba, na anawasalimu wote wa Mpitimbi." Kulikuwa na ule mto wa Laos, injini ya mtumbwi imekufa, siku tatu tunamsubiri mtu wa kuja kuitengeneza, nawe unamfundisha mwenye mtumbwi bao kwa mashimo ya mchangani. Siku ya tatu akakufunga. Ulinuna hadi mjini.

Hatukutafuta mtoto huko. Mtoto ambaye hakuja tulimlilia hapahapa Ruhuwiko, mwaka mzima na zaidi, mpaka ukasema, "Konda, tumelia vya kutosha." Jumamosi ile tukanunua mabegi mawili.

Na pale mpakani Mkenda, askari na bunduki yake begani alipouliza madhumuni ya safari, ulisema, "Kutembea tu, mkuu." Akashangaa: "Kutembea wapi?" Ukamjibu, "Popote mtakapotuachia." Alicheka, akagonga muhuri. Tangu siku ile fomu zote ulijaza wewe, na kila mahali uliandika neno hilohilo.

Kwa hiyo siku ya tatu baada ya mazishi nilimfuata Festo. "Shemeji, uongo huu amekupa nani?" Akaweka kikombe chini. "Mwenyewe, shemeji. Alituambia hapahapa barazani, kabla hamjaenda Madagaska."

Niliinuka bila kubishana. Unajua hilo halitokei.

Mwoga wewe. Mbele ya bunduki ulisema kweli, na mbele ya kaka yako mwenye kikombe cha chai ukatetemeka. Nimeandika magazetini nikiwachambua waoga wa kila cheo, kumbe mmoja alikuwa ananimenyea viazi jikoni.

Festo aliendelea. Nilikuwa nimesimama niondoke. Akasema shangazi zenu walikaa kikao. Walitaka uoe mwingine. "Walisema mwanamke anayependa kutembea hivyo si wa kukaa naye. Na unajua, shemeji, kutembea kuna maana yake." Ndipo ukawaambia kwamba mwenye tatizo ni wewe. Kwamba mimi ndiye ninayekupeleka kwa waganga wa nje, na ninavumilia. Hilo Festo hakulisoma makaburini. "Nilimsitiri ndugu yangu," akasema, akaangalia pembeni.

Sisi hatukupima kamwe, Damasi. Tulikubaliana hakuna atakayebebeshwa lawama. Kumbe ulibeba peke yako, nchi zote zile, chini ya nguo kwenye begi, na kila nilipokuuliza mbona limekuwa zito ulisema ni viatu.

Nani alikuomba? Ningepigana nao. Kupigana ndiyo kazi niijuayo. Ulininyima vita yangu, ukaninyima hata kujua kwamba ilikuwepo. Bado sijakusamehe. Leo asubuhi nilipanga chai ya watu wawili, nikamwaga kikombe kimoja kwa hasira, kisha nikakaa pale nikilia kama mpumbavu.

Jumamosi ni arobaini yako. Festo anataka karatasi ileile isomwe tena. Nimemwambia nitasoma mimi. "Usimwaibishe marehemu, shemeji," akanisihi. Na ana haki ya kuogopa. Nikieleza yote, wewe ni mwongo mbele ya ukoo. Nikinyamaza, maisha yetu yanabaki foleni ya hospitali. Nimeandika na kuchana siku nne. Mahali pa ule upuuzi wa kuhangaika nimeweka sentensi moja: "Damasi alitembea na mkewe."

Shangazi zako wataziba midomo kwa khanga. Watacheka, na wacheke. Ni kweli kwa maana zote mbili.

Kisha nitakwenda Mongolia, tuliyoizungushia wino kwenye ramani yako ya shule. Fomu nitajaza mwenyewe, na neno unalijua. Lala, Abiria wangu. Begi lako nitaliweka kwenye kiti cha dirishani, na mwanamume atakayetaka kukikalia atanitambua.

Konda wako.