Muziki wa Mama Aliyechota Maji

Mjukuu wangu Evodia,

Huku Murungu tu wazima, mwana wanje, mwanangu. Maharage tumevuna, na mgongo wa mama yako una nafuu.

Umeniuliza muziki gani wa filamu sijausahau. Ni mmoja tu. Nilikuwa msichana, wakatundika shuka jeupe uwanjani Kabanga watuonyeshe sinema. Mama mmoja anachota maji mtoni, basi. Mara vinanda vikalia chinichini, halafu ngoma, kama moyo wa mtu aliyejificha. Nyuma yake hapakuonekana mtu, lakini wenzangu walishabeba watoto na kukimbia. Mwonyeshaji akazima sauti, akatuita: "Jamani rudini, ni mama tu anachota maji!" Tukarudi tukicheka. Kweli, bila muziki mto ulikuwa umetulia kabisa.

Kesho yake nikatumwa maji. Nikainama, nikasikiliza. Hakuna kinanda, hakuna ngoma. Hapo ndipo nilipoogopa, nikakimbia na ndoo tupu.

Mama yako anasema huko unatembea na hedifoni masikioni, unasikiliza hiyo miziki ya filamu. Mizuri, najua. Ila ukipita njiani peke yako, zitoe kidogo. Huko hakuna atakayekupigia ngoma kwanza.

Ni mimi bibi yako, bado nasikiliza.