Pini Nilizozinyoosha kwa Kibano

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hans Anande Mbise. Umri: miaka 83. Kabila: Mmeru. Dini: Mkristo, Mlutheri. Kazi: mtafiti mstaafu wa miche ya kahawa. Makazi: Olasiti, Arusha, kwa mwanangu Elisaria.

Nimeonywa kusema kweli. Daktari ameniambia moyo wangu umechoka. Kesi hii ikifika mahakamani huenda nisiwepo. Ndiyo maana naandikisha leo.

Mnamo tarehe 6 Juni 2025 asubuhi nilikwenda Ngaramtoni kwa fundi kompyuta Namnyaki Lemomo, ambaye sasa yuko mahabusu hapa kituoni. Nilitaka kumuundia mjukuu wangu Diana kompyuta ya mezani. Anasomea uchoraji wa majengo. Namnyaki alinionyesha njia mbili. Ya kwanza ni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, yenye pini chini yake, pamoja na bodi yake: bei nafuu, lakini aina hiyo imefika mwisho. Ya pili ni bodi mpya ambayo pini ziko kwenye soketi yenyewe, pale prosesa inapokaa, na prosesa zitakazotoka baadaye zitaingia humo humo.

"Babu, unataka ya kumalizia chuo au ya kukaa?"

"Ya kukaa."

Akacheka. "Basi shikamoo tena. Wazee wengine huniambia, nipe yoyote, mimi naondoka."

"Naondoka mimi. Bodi inabaki."

Nilimwomba aje kuiunganisha nyumbani ili nione.

Tarehe 7 Juni, Jumamosi, saa nane mchana, alifika na ile bodi mpya. Alifungua soketi, akaikagua, kisha Diana akamwita jikoni kunywa chai. Nilibaki na kioo changu cha kukuzia. Sijawahi kuona kitu kilichopandwa kwa ukaribu namna ile. Lakini pini zote zilikuwa zimelala upande mmoja. Nilidhani zimepinda njiani. Kitaluni, mche uliolala nimeuinua maisha yangu yote. Nikachukua kibano changu cha mbegu, nikainua safu ya kwanza, kisha ya pili. Siku hiyo mkono haukutetemeka. Nilifurahi.

Namnyaki alirudi, akaweka prosesa, akafunga. Kompyuta haikuwaka. Alipofungua tena aliuliza, "Babu, kuna mtu amegusa hapa?"

Nikasema, "Hapana."

Elisaria alimwita tapeli, kwamba ametuletea bodi mbovu, akamleta kituoni. Niliyasikia yote nikiwa kwenye kiti changu. Chakula cha jioni kilipowekwa mezani, nilikula.

Leo Jumapili sikwenda kanisani. Nimekuja na jani la isale kutoka uani. Kwetu Meru, ukimpelekea uliyemkosea jani hilo, unaomba msamaha, na si rahisi alikatae. Koplo Simel ameniuliza kama ni kielelezo. Nimemjibu kuwa hili si la serikali.

Namnyaki alileta bodi nzima. Niliiharibu mimi, kisha nikakana. Ninayoyajua ni hayo, nami nayatia sahihi kwa mkono wangu.

(Sahihi) H. A. Mbise

Nukuu ya mpokea maelezo: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali. Mtuhumiwa ameletwa mbele yake na kuelezwa kuwa anaachiwa. Amepokea jani kwa mikono miwili. Shahidi amemuuliza kwa nini pini zile zimelala. Amejibu: "Ili zibonyee, Babu. Zikisimama wima, prosesa ikizikandamiza zinavunjika." Shahidi ameomba jibu hilo liingizwe humu. Nimeliingiza.

Koplo Simel