Fundi, Msuli Wangu Nimeupata

Fundi Mwinshehe,

Leo sikuamkii. Shikamoo zangu ulizipata miaka sita, kila asubuhi, ukiitikia huku umeinamia injini bila hata kunitazama. Leo nakuandikia kwa hasira, nawe usome mpaka mwisho.

Msuli wangu nimeupata. Ule wa mistari ya buluu, uliopotea kwenye kamba ya nguo pale kwako Temeke, ukasema wameuiba watoto wa jirani. Nikagombana na jirani wa watu! Kumbe mwizi mkubwa ni wewe.

Tangu ulipokufa, lori nimekabidhiwa mie. Unajua lilivyo: petroli ya mgao wa vita haitoshi hata kunusa, kwa hiyo tunaliwasha kwa petroli, halafu tunageuza koki, linakwenda kwa gesi ya mkaa kutoka lile tangi la moto lililo nyuma yetu. Basi kwa petroli lilikwenda vizuri kabisa. Nikigeuza koki, linakohoa, linaishiwa nguvu, kilima cha Mtoni halipandi na nazi za Mbagala. Nikasafisha plagi. Nikabadili makumbi ya chujio. Nikachekecha mkaa upya. Wapi! Nikajiambia, kama petroli inakubali na gesi inakataa, injini haina kosa. Kuna mahali bomba linavuta hewa. Hilo hukunifundisha wewe. Kila ulipofungua bomba ulinituma maji ya rejeta, nikirudi umeshafunika.

Nikazima injini, moto ukiwa bado unawaka tangini, nikapaka povu la sabuni kiungo kimoja kimoja. Chini ya kiti cha dereva, povu likafura. Nikabandua. Udongo wa mfinyanzi, na ndani yake msuli wangu, umekuwa mweusi tii.

Nililia palepale, Fundi, na wala sikuwa nakuhurumia.

Siku ile mvua ilipotukamata Mtoni, ulizima injini, ukashusha turubai za milango, ukanituma kahawa. Nikakuletea, ukanywa, nikarudisha kikombe kwa muuza kahawa, nikajibanza kwake mpaka mvua ipungue. Niliporudi umelalia usukani, nikadhani umesinzia. Tulikuzika vizuri. Mie mtani wako nililala kaburini mwako nikasema sitoki mpaka nipewe kanzu yako, Wazaramo wote wakacheka. Siku ya tatu watu wakaikumbuka kahawa. "Yule Mnyamwezi kamlisha kitu." Tangu hapo hakuna mtu mtaani aliyepokea hata maji mkononi mwangu. Mkeo, Bi Tatu, akiniona anaingia ndani.

Na nilikwambia! Nilikwambia kichwa kinanigonga kila tukipumzika mle ndani. Ukacheka: "Mama yako kapikia mkaa maisha yake yote, wewe mwanamume mzima unaogopa harufu?" Ulijua bomba linavuja. Injini ikienda linavuta hewa, ikizimwa linatema sumu ya gesi ya mkaa kitini kwako. Ukaliziba kwa nguo yangu, tajiri mwenye lori asije akajua kwamba fundi mkubwa kashindwa na kiungo kimoja. Jeuri yako ilikuua wewe, lawama nikazibeba mie.

Kwenye hitima yako ya arobaini nikasimama. Nikasema, marehemu huyu kajiua mwenyewe, kaziba bomba kwa msuli wa kuiba! Wakaangua kicheko. Mnyamwezi anamtania Mzaramo, nani atamsadiki? Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kushika mbavu. Saa ile nilikuchukia kuliko mtu yeyote aliye hai.

Kesho yake nikaleta lori mpaka mlangoni kwako, injini nimeizima, moto unawaka. Nikamwita Bi Tatu. Sikutania, sikuapa. Nikapaka povu. Likafura, likapasuka, likafura tena. Nikamnyooshea msuli. Akautambua, maana yeye ndiye aliyeufua na kuuanika. Akasema, "Kumbe alijua."

Akaketi kizingitini. Mtungi ulikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, na majirani wote wametoa macho. Akasema, "Maganga, nipe maji." Nikamchotea. Akayapokea mkononi mwangu. Akayanywa yote.

Basi kwaheri, Fundi. Kiungo nimekilehemu, na lori sasa linapanda Mtoni bila kukohoa. Nakuahidi hivi: yeyote atakayekuja kujifunza kazi kwangu, bomba nitalifungua mbele ya macho yake, na nikishindwa nitasema nimeshindwa. Turubai za milango nimezichana zote mbili. Mvua inaninyeshea nikiendesha, nami nakutukana njia nzima mpaka Kariakoo.

Mungu akusamehe. Mie bado.

Maganga